Kipele cha Mbu kwa Mtoto Mchanga: Tuhesabu Watoto Waliofunikwa, Si Vyandarua Vilivyogawiwa

SOMO LA ROBO MWAKA KWA KAMATI ZA SHARIKA



Katika robo hii tumechagua somo ambalo wengine wataliona dogo: kumkinga mtoto mchanga asiumwe na mbu, na kumtuliza anapowashwa. Tunajua mmezoea kusikia habari za malaria, na huenda baadhi yenu mtasema, "Haya ya vyandarua tumeshafundishwa." Ni kweli tumefundishwa. Hata hivyo, mwaka huu sisi wenyewe tuliokuwa tukifundisha tumejikuta tukihitaji kufundishwa upya, na aliyetufundisha ni mtoto wa miezi 5.

Malengo ya somo

Baada ya kujifunza somo hili, mjumbe wa kamati aweze:
1. Kueleza ni saa zipi na mahali gani mtoto mchanga huumwa na mbu.
2. Kumwonyesha mzazi jinsi ya kumfunika mtoto tangu jioni hadi asubuhi.
3. Kueleza namna salama ya kutuliza muwasho, na mambo ya kuepuka.
4. Kutofautisha kipele cha kawaida na dalili zinazotaka mtoto apelekwe zahanati mara moja.
5. Kuandika taarifa ya kweli kuhusu matumizi ya vyandarua katika usharika wake.

Tuliyoyaona katika nyumba moja

Tulikuwa tukitembelea kaya katika kijiji kimoja cha Muleba, upande wa tambarare kuelekea ziwani. Katika daftari letu kaya ile ilikuwa imewekewa alama ya vema: chandarua kimetolewa, mama amepewa elimu, kazi imekamilika. Bibi wa nyumba alitupokea vizuri. "Karibuni waitu," alisema, akatutandikia mkeka. Mjukuu wake alikuwa mgongoni.

Alipomshusha tuliona paji la uso, masikio na mikono ya mtoto ikiwa na vipele vingi. Vingine vilikuwa vimekunwa hadi kutoa maji. Kwenye shavu ngozi ilikuwa imebabuka. Tulipouliza, bibi alieleza bila kuficha kwamba mtoto alikuwa akilia usiku kwa kuwashwa, naye akampaka mafuta ya taa, kama alivyoona wengine wakifanya.

"Mama, chandarua si mlipata?" tulimuuliza.

"Kipo, kimefungwa juu ya kitanda cha mama yake. Njooni mkione."

Tulikwenda tukakiona. Kilikuwa kizima na safi, kimefungwa vizuri kuliko vingi tulivyowahi kuviona. Lakini mama wa mtoto alikuwa akirudi kutoka gengeni usiku, na mpaka arudi, mtoto alikuwa akilala jikoni kwenye mkeka pamoja na bibi, karibu na moto. Mara nyingi alihamishiwa kitandani saa 3 au saa 4 usiku. Muda wote huo mbu walikuwa wakila, na chandarua kilikuwa kikining'inia peke yake katika chumba kingine.

Siku ile mtoto alikuwa pia na joto. Tuliwaomba twende naye zahanati, akapimwa, akakutwa na vimelea vya malaria. Alitibiwa akapona, na shavu lake nalo likapona baadaye. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini katika safari ya kurudi Bukoba tulikaa kimya ndani ya gari. Kwa kumbukumbu zetu mtoto yule alikuwa tayari "amefikiwa". Tulikuwa tumewaandikia wafadhili hivyo.

Tena tulitambua jambo la pili. Ziara zetu zote tulikuwa tukizifanya saa 4 asubuhi, wakati ambapo mbu wamejificha na watoto wako macho. Mtu anayekagua kinga ya usiku wakati wa asubuhi ataona chandarua tu. Hawezi kumwona mtoto akiwa chini yake.

Muleba imekwisha kutufundisha

Kwa wale wasioijua historia hii, wilaya ya Muleba imekuwa kama darasa la Tanzania na dunia katika mapambano dhidi ya mbu. Wazee wetu wanakumbuka mlipuko wa malaria uliofuata mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Mwaka 2006 mlipuko mwingine ulitokea Muleba. Mwaka 2007 upulizaji wa dawa-ukoko majumbani ulianza wilayani humo kwa ufadhili wa Mpango wa Rais wa Marekani wa Kudhibiti Malaria, na baadaye ukapanuliwa katika wilaya nyingine za Kagera.

Mwaka 2011 watafiti waliwapima mbu wa Muleba na kukuta kwamba wengi hawafi tena kwa dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zilizokuwa zikitiwa katika vyandarua. Hivyo mwaka 2015 ukafanyika utafiti mkubwa katika makundi 48 ya vitongoji wilayani humo. Baadhi ya watu walipewa vyandarua vya kawaida vyenye dawa, na wengine wakapewa vyandarua vilivyoongezewa kemikali iitwayo PBO. Kemikali hii humzuia mbu kuivunja nguvu ile dawa ndani ya mwili wake. Baada ya miezi 9, watoto 42 katika kila 100 walikutwa na malaria kwenye vitongoji vya vyandarua vya kawaida. Kwenye vitongoji vya vyandarua vya PBO walikuwa 29 katika kila 100. Kwa sababu ya matokeo hayo ya Muleba, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya PBO vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Hayo ni ya kujivunia. Lakini utafiti huo huo ulitoa takwimu nyingine ambayo haisemwi sana. Katika mwaka wa kwanza, watu 77 katika kila 100 walisema wanalala ndani ya chandarua. Katika mwaka wa pili walishuka hadi 59 katika kila 100. Chandarua kilitolewa bure, na elimu ilikuwapo. Bado watu wanne katika kila kumi walikuwa wakilala nje ya chandarua.

Hili ndilo kiini cha somo letu. Kugawa chandarua ni mwanzo tu wa kazi. Kipele kipya kwenye paji la uso wa mtoto asubuhi ni taarifa kwamba jana usiku kulikuwa na pengo mahali fulani. Mzazi akijifunza kuisoma taarifa hiyo, ataziba pengo kabla ya homa kufika.

Ni mbu gani, na saa ngapi?

Mbu jike peke yake ndiye anayeuma, kwa sababu anahitaji damu ili kutengeneza mayai. Katika maeneo yetu tuwajue wa aina tatu.

Anofelesi ndiye anayeeneza malaria. Huuma usiku, hasa watu wakiwa wamelala hadi kukaribia alfajiri, ingawa wengine huanza mapema jioni. Huzaliana katika maji yaliyotulia, kama vile madimbwi ya mvua, mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe na kingo za vinamasi.

Kuleksi ndiye yule anayelia masikioni usiku. Huzaliana katika maji machafu ya mitaro na mashimo ya vyoo. Haenezi malaria, lakini vipele vingi vya usiku ni vyake.

Edesi huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Huzaliana katika makopo, matairi na mapipa. Wapo pia Edesi wanaozaliana katika maji yanayokaa kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi. Watafiti waliwachunguza mbu wa namna hiyo huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, katika miaka ya 1940. Kwa sisi tunaoishi katikati ya kibanja hili ni jambo la kukumbuka tunapomlaza mtoto kivulini mchana wakati tukipalilia.

Wenzetu wa kando ya ziwa na visiwani wanajua pia vile vijidudu vinavyopaa juu ya maji kama moshi. Hivyo vinasumbua macho na taa, lakini haviumi. Tusimwache mbu wa kweli kwa kupigana na hivyo.

Mvua zetu ni mbili, za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Malaria hupanda baada ya kila msimu wa mvua. Kamati ipange ukaguzi wake kabla ya miezi hiyo.

Kwa nini mtoto anawashwa sana?

Mbu anapouma hutia mate yake ndani ya ngozi ili damu isigande. Mwili unayatambua mate hayo kuwa ni kitu kigeni, nao hutoa kemikali ya kujilinda iitwayo histamini. Kemikali hiyo ndiyo inayoleta uvimbe, wekundu na muwasho. Mtu mzima aliyeumwa miaka mingi mwili wake huzoea, ndiyo maana kipele chake huwa kidogo. Mtoto mchanga katika siku za kwanza anaweza kuumwa bila kuonyesha alama yoyote. Baadaye, mwili wake unapoanza kuyatambua mate ya mbu, kipele huwa kikubwa kuliko cha mama yake aliyelala naye kitanda kimoja. Basi mama asidharau akisema, "Mbona mimi sina kitu?"

Muwasho wenyewe hauui. Hatari yake ni kucha. Ngozi ikichubuliwa, bakteria huingia, na kipele huwa kidonda chenye usaha kinachoweza kuenea mwilini. Mtoto asiyelala hanyonyi vizuri, na mama asiyelala huchoka akatafuta dawa yoyote iliyo karibu. Ndivyo mafuta ya taa yanavyoingia.

Kumkinga: tangu jioni hadi asubuhi

1. Chandarua kimfuate mtoto. Mahali mtoto anapolala saa 1 usiku ndipo chandarua kinapotakiwa kuwa. Kama analala na bibi mpaka mama arudi, chandarua cha pili kifungwe kwa bibi, au mtoto alazwe mapema kitandani ndani ya chandarua na mtu mzima awe karibu. Ndoano mbili zilizopigiliwa mahali pawili huwezesha chandarua kimoja kuhamishwa.

2. Kichomekwe pande zote. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, au chini ya mkeka kwa wanaolala chini. Kisining'inie kwa ulegevu mpaka kikamwangukia mtoto usoni. Mtoto asilale akiwa amegusana nacho, kwa sababu mbu anaweza kumuuma akiwa nje.

3. Kikaguliwe kila Jumamosi. Mama au baba akishike kuelekea mwanga na kutafuta matundu. Tundu linalopitisha kidole linapitisha mbu. Lishonwe siku hiyo hiyo kwa sindano na uzi.

4. Kifuliwe kwa upole. Tumia maji ya kawaida na sabuni ya mche, bila dawa ya kung'arisha nguo, kisha kianikwe kivulini. Jua kali huharibu dawa. Vyandarua hivi vimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi, kwa hiyo kukifua kila wiki ni kukimaliza. Chandarua kipya kitolewe kwenye mfuko na kuning'inizwa kivulini siku moja kabla ya kukitumia.

5. Mtoto avikwe nguo. Jioni avae nguo nyepesi za mikono mirefu, suruali na soksi. Asifunikwe uso kwa kanga wala blanketi, kwani anaweza kukosa hewa.

6. Mchana pia. Mtoto anayelala mchana alale ndani ya chandarua, au chini ya kile kidogo cha kukunjua kama mwavuli. Makopo na vyombo vyenye maji karibu na nyumba vimwagwe kila wiki, na mapipa yafunikwe.

7. Dawa za kupaka za kufukuza mbu. Zile zenye kiambato cha DEET zisitumike kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Kwa mkubwa kuliko huyo, mzazi asome maelekezo, apake kidogo kwa mkono wake mwenyewe, na asipake viganja vya mtoto, macho, mdomo wala ngozi iliyochubuka. Zile za mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya limau si za watoto wa chini ya miaka 3.

8. Moshi na dawa za kuchoma. Zile dawa za mbu za mviringo zisiwashwe katika chumba alimolala mtoto, wala karibu na chandarua au godoro. Moshi huumiza mapafu, na moto umekwisha kuunguza nyumba. Kuhusu kivumbasi, watafiti waliojaribu majani ya jamii hiyo kaskazini mwa Tanzania waliona kuwa hupunguza mbu ndani ya nyumba. Hupunguza tu. Yasichukue nafasi ya chandarua.

Kumtuliza anapowashwa

Yafuatayo ni salama na yanapatikana karibu kila nyumba:
- Mwoshe sehemu iliyoumwa kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kisha umkaushe kwa kumgusagusa bila kusugua.
- Loweka kitambaa safi katika maji baridi ya kunywa, kikamue, kiweke juu ya kipele kwa dakika 5 hadi 10. Rudia kila anapohangaika. Ubaridi hutuliza muwasho bila gharama yoyote.
- Mkate kucha ziwe fupi na mnawishe mikono mara kwa mara. Usiku mvishe soksi laini mikononi.
- Losheni ya kalamini, inayouzwa katika maduka ya dawa, hupakwa kidogo juu ya ngozi isiyo na kidonda. Isikaribie macho wala mdomo, na isipakwe mahali anapoweza kunyonya.
- Mnyonyeshe na umbebe. Mtoto anayenyonya husahau kujikuna.

Yafuatayo tuyaache, na tuwaeleze wengine kwa upole bila kuwaaibisha:
- Mafuta ya taa, spiriti, dawa ya meno, majivu ya moto, chumvi au maji ya betri. Hivi huunguza ngozi ya mtoto, na mafuta ya taa yanaweza pia kumdhuru akiyavuta au kuyameza.
- Dawa za kuchua zenye kafuri au mentholi, zile zenye harufu kali. Hazifai kwa watoto wachanga.
- Krimu za dukani ambazo mama hazijui zimetiwa nini, hasa zile za kung'arisha ngozi. Nyingine zina dawa kali ya steroidi. Hata krimu nyepesi ya haidrokotisoni itumike kwa ushauri wa mhudumu wa afya tu.
- Vidonge na dawa za maji za kuzuia mzio ambazo humfanya mtoto asinzie. Mtoto mchanga asipewe bila kuandikiwa.

Kipele kikiwa chekundu zaidi kila siku, kikiwa cha moto, kikitoa usaha au kuenea, hiyo ni kazi ya zahanati.

Homa si muwasho

Hapa tunaomba kila mjumbe asome mara mbili. Mtoto mchanga akiwa na joto, asisubiriwe mpaka kesho kutwa. Apelekwe kituo cha huduma siku hiyo hiyo, apimwe kwa kipimo cha haraka, na akikutwa na malaria apewe dawa kulingana na uzito wake. Kumwogesha majani ya mubilizi na kungojea kumekwisha kutugharimu katika vijiji vyetu. Hatuwadharau wazee wetu waliotulea kwa majani hayo. Tunachosema ni kwamba malaria ya mtoto inaweza kuwa kali ndani ya siku moja.

Aende haraka zaidi, hata usiku, ikiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, au viganja na midomo vimepauka.

Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 hapati malaria kwa kuwa ana kinga ya mama yake. Kinga hiyo ipo kwa kiasi, lakini haimfuniki kabisa. Hata wataalamu walichelewa kuwafikiria watoto hawa, maana dawa mseto iliyozoeleka ilipimwa kwa watoto wa kilo 5 na kuendelea. Ni Julai 2025 tu ambapo mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha dawa ya kwanza ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye uzito wa chini ya hapo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshiriki katika kuitathmini. Mpaka mtoto mdogo hivyo apate matibabu, kinga yake kubwa ni kutoumwa.

Kazi ya kamati kuanzia robo hii

Tangu 2016 utaratibu wa kliniki umekuwa kwamba mama mjamzito hupewa chandarua katika hudhurio lake la kwanza, na mtoto hupewa chake anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Maana yake ni kwamba tangu kuzaliwa hadi miezi 9 mtoto hutegemea chandarua cha mama. Mama akichelewa kuanza kliniki, au chandarua hicho kikichanika au kikiwa mbali na mtoto jioni, mtoto hana kitu. Pengo hilo ndilo linalotuhusu.

Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, ziara zifanyike jioni, kati ya saa 1 na saa 3 usiku, kwa kutoa taarifa mapema. Waende wajumbe wawili wawili wanaofahamika na kaya, mmoja wao akiwa mama, na ikiwezekana wafuatane na mhudumu wa afya wa kijiji. Tusiende kama polisi. Swali la kwanza liwe, "Mtoto yuko wapi sasa hivi, na analala wapi mpaka mama arudi?"

Pili, daftari libadilishwe. Safu ya "chandarua kimetolewa" ibaki, lakini iongezwe safu ya "mtoto amekutwa ndani ya chandarua" na nyingine ya "vipele vipya". Hesabu itakayotumwa dayosisi ni ya safu hizo mbili. Tunajua mwanzoni namba zitakuwa ndogo kuliko zile tulizozoea kutuma. Zitumwe hivyo hivyo.

Tatu, wakati wa ubatizo, wazazi wa ubatizo wahimizwe kuuliza habari ya chandarua cha mtoto waliyemsimamia. Wanaoweza kuleta zawadi, chandarua ni zawadi nzuri kuliko keki. Wasioweza, wanaweza kuleta kamba, misumari, sindano na uzi, na kuja kukifunga wenyewe.

Nne, chandarua kikionekana kimefunika kitalu cha mboga au kimekuwa wavu wa dagaa, tuulize kwanza kabla ya kukemea. Mara nyingine ni kile cha zamani kilichokwisha dawa. Mara nyingine ni kipya, na sababu ni njaa. Mambo hayo mawili yanahitaji majibu tofauti.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu mnaotoa mbali na karibu, tuna deni la kusema kweli kwenu. Taarifa zetu za nyuma zilieleza idadi ya vyandarua vilivyofika majumbani, na idadi hiyo ilikuwa sahihi. Lakini mlichotoa fedha kwa ajili yake ni watoto wasioumwa, na hilo hatukulipima. Kuanzia sasa tutalipima, na msishangae mkiona namba zimeshuka kabla ya kupanda.

Tunaomba pia mtukubalie matumizi ambayo hayapigwi picha nzuri: chandarua cha pili kwa kaya ambayo mtoto hulelewa na bibi, ndoano na kamba, uzi, nauli na tochi za wanaotembelea jioni. Aidha, aina ya chandarua tununue kwa kufuata ushauri wa serikali kuhusu mbu wa eneo letu, kwa sababu Muleba imethibitisha kwamba vyandarua havilingani nguvu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mtaa wetu, watoto wachanga wanakuwa wapi kati ya saa 1 na saa 4 usiku? Wanakuwa na nani?
2. Ni vitu gani tumeona vikipakwa kwenye vipele vya watoto? Tutawaelezaje wazee wetu bila kuwavunjia heshima?
3. Ni kaya ngapi tulizoandika kuwa "zimefikiwa" ambazo hatujawahi kuziona usiku?
4. Zahanati iliyo karibu iko umbali gani, na usiku mtoto mwenye degedege atafikishwaje huko? Nani ana pikipiki?
5. Baba wa nyumba anafanya nini katika kazi hii? Kufunga chandarua na kushona matundu ni kazi ya nani kwetu?

Majibu ya swali la 3 na la 4 yaandikwe na kuletwa katika mkutano ujao wa jimbo.

Tulirudi katika nyumba ile ya Muleba baada ya wiki kadhaa, safari hii jioni. Moto ulikuwa ukiwaka jikoni na bibi alikuwa akimenya ndizi. Mjukuu hakuwa mgongoni wala mkekani. Bibi alituonyesha kwa kidole chumba cha pili, ambamo mjomba wa mtoto alikuwa amefunga kamba kutoka ukutani hadi kwenye nguzo. Mtoto alikuwa amelala ndani ya chandarua, na paji lake la uso lilikuwa safi. Mjumbe wa kamati alitoa daftari, akaweka alama katika ile safu mpya.